Panga Lipo, Kisu Kiwe Kidogo

Mtu akijiunga na kikundi chetu cha kupanda milima na kupiga kambi, huuliza kwanza habari ya viatu, kisha hema, halafu kisu. Hilo la kisu ndilo huja na picha. Ananitumia kwenye simu kisu kirefu, cheusi, chenye meno ya msumeno mgongoni na tundu la kuhifadhia viberiti ndani ya mpini, na ujumbe mfupi: "Hiki je?" Jibu langu limekuwa lile lile kwa muda mrefu. Leo nataka kulieleza lote, maana kwenye simu huwa halitoshi: beba panga la nyumbani, kisha ununue kisu kidogo.

Vile visu vinene vinavyosifiwa mitandaoni vimebuniwa kwa ajili ya watu wasio na panga. Mtu anayeishi mjini Ulaya au Marekani akienda msituni mwishoni mwa wiki, pengine hana chombo kingine cha kukatia ila hicho kimoja. Anataka kimpasulie kuni, kimkatie matawi, kimchimbie shimo, halafu kimkatie na mkate. Kisu cha namna hiyo lazima kiwe kinene na kizito, na kila kazi kitaifanya nusunusu. Sisi hapa panga tumezaliwa tukalikuta. Liko shambani kwa nyanya, liko kwa mlinzi wa ploti, liko nyuma ya kiti cha dereva wa lori. Kupasua gogo, kukata tawi kavu lililoanguka, kufyeka nyasi pahali pa hema, hayo yote panga linayamaliza kwa mapigo machache, na bei yake ni ndogo. Kisu kimeshasamehewa kazi nzito. Kwa nini tukibebeshe tena?

Hebu tazama kinachofanywa na kisu jioni moja kambini, tuseme Hell's Gate au Ol Donyo Sabuk. Kinakata kitunguu, nyanya na dania za kachumbari. Kinafungua paketi ya unga. Kinakata kamba ya hema iliyofumuka na kuchonga kigingi kipya badala ya kile kilichopotea. Kinatoa mwiba wa mgunga uliotoboa soli ya kiatu. Kinagawa nyama ikiiva. Asubuhi kinapaka siagi kwenye mkate na kukata parachichi. Hakuna hata moja kati ya kazi hizo inayotaka unene, na nyingi unene unaziharibu.

Kwa kupima unene, mimi huamini karoti. Chukua kisu chenye unene wa milimita 5 ukate karoti juu ya ubao. Makali yanaingia vizuri mwanzoni, kisha bapa linaanza kuitanua, na kabla hujafika katikati karoti inavunjika kwa kishindo na kipande kinaruka kwenye majivu. Chukua sasa kisu cha milimita 2 au 2.5. Kinapita mpaka ubaoni na huwezi kusikia kitu. Visu vyote viwili vinaweza kuwa vimenolewa sawasawa hata vikanyoa nywele za mkono. Tofauti iko kwenye chuma kilicho nyuma ya makali, na hiyo haiondolewi na kinoo.

Kazi ninayoipenda kuliko zote, na ndiyo iliyonifanya nianze kujali visu, ni kuwasha moto wakati kila kitu kimelowa. Wanaokwenda Aberdare wanajua ninachosema: mvua imenyesha tangu saa nane, mbao ulizonunua njiani zimelowa upande wa nje, na kiberiti kinawaka sekunde chache tu. Ndani ya ule ubao mna ukavu. Upasue kwa panga hadi upate vijiti vya unene wa kidole gumba, kutoka katikati kabisa. Simamisha kijiti kimoja juu ya gogo, laza kisu juu yake karibu kiwe bapa, na kisukume taratibu kuelekea chini bila kufika mwisho. Kinyweleo chembamba kinainuka na kujikunja mbele ya makali. Zungusha kijiti kidogo, rudia pembeni yake. Baada ya dakika chache una shada la vinyweleo vilivyoshikamana na shina, vyembamba kiasi kwamba ukikiinua kijiti dhidi ya mwanga unaona rangi ya njano ikipenya. Vitatu au vinne vya namna hiyo vinashika moto kwa njiti moja ya kiberiti. Kwa kisu kinene vinyweleo vinakatika na kudondoka kabla havijajikunja, au makali yanazama na kukwama. Kwa kisu chembamba chenye makali ya kweli, hata mtoto wa darasa la sita anaweza kuwasha moto kwenye mvua.

Basi vipimo ninavyovishauri ni hivi: kisu kisichokunjwa, bapa la sentimita 9 hadi 11, unene wa milimita 2 hadi 3, ncha iliyo karibu na mstari wa katikati ya bapa, na mpini unaojaza kiganja. Chini ya sentimita 9 utapata taabu kukata mkate au tikiti. Ukipita 11, ncha inakwenda mbali na vidole na huiongozi tena kwa usahihi, hasa unapotoa mwiba.

Mfano unaojulikana sana wa kisu cha aina hii unatoka Mora, mji wa jimbo la Dalarna nchini Uswidi. Huko, katika kijiji cha Östnor, Frost-Erik Erson alianzisha kiwanda mwaka 1891, na kampuni ya Morakniv ya leo ina mizizi yake hapo. Kisu chao kiitwacho Companion kina bapa la sentimita 10 hivi, unene wa milimita 2.5, mpini wa plastiki na raba, na ala ya plastiki. Hakina urembo wowote. Maseremala, wavuvi na wanajeshi wa kule wamevitumia visu vya Mora kwa miaka mingi, na bei yake ni ya chini ukilinganisha na vile vyeusi vya kwenye picha. Kinachonifurahisha ni jinsi makali yake yalivyochongwa: kila upande una mteremko mmoja mpana ulionyooka kutoka katikati ya bapa hadi kwenye makali. Ukitaka kukinoa, unalaza ule mteremko wote juu ya kinoo hadi utulie, na pembe imejipata yenyewe. Kwa anayejifunza kunoa, hilo ni msaada mkubwa.

Nimesema kisu kisichokunjwa kwa sababu. Cha kukunja kinaingia mfukoni vizuri na mjini kina heshima yake, lakini kambini kiungo chake kinajaa mafuta ya nyama, unga na vumbi. Ukishinda Magadi siku mbili utasikia mchanga ukisaga ndani kila unapokifungua. Kisu kisichokunjwa unakiosha kwa maji na sabuni kama sahani, unakifuta, umemaliza.

Nikitaja Magadi, nakumbuka wakazi wa zamani wa njia ile. Kilomita sabini hivi kutoka Nairobi, ukiwa unaelekea ziwani, iko Olorgesailie, ambako wanaakiolojia Louis na Mary Leakey walichimba miaka ya 1940. Pale kuna njia ya mbao iliyojengwa juu ya mamia ya mashoka ya mawe, baadhi yao makubwa kuliko kiganja changu, yaliyoachwa na watu wa kale mamia ya maelfu ya miaka iliyopita. Wageni wengi hupiga picha mashoka hayo na kuondoka. Mimi naomba usimame pia penye mabaki ya tembo wa aina iliyotoweka, Elephas recki. Pamoja na mifupa yake vimepatikana vipande vidogo vya mawe vyenye makali. Tembo mzima, na vya kumchania nyama ni vijiwe vinavyoshikwa kwa ncha za vidole! Watu wale walikuwa na chombo kikubwa na kidogo, na kila kimoja kilikuwa na zamu yake. Pale pana mahali pa kupiga kambi, na kulala hapo ukiwa na panga na kisu chako mkobani kunakufanya uyatazame mawe yale kwa macho mengine.

Sasa tuje kwenye chuma. Kuna aina mbili kubwa: chuma cha kaboni, ambacho hushika kutu, na stenlesi. Stenlesi inaitwa hivyo kwa sababu ya kromiamu, ambayo lazima ifike angalau asilimia 10.5; chuma kiitwacho 12C27, kinachotumika sana kwenye visu vya Skandinavia, kina asilimia 13.5 hivi pamoja na kaboni ya asilimia 0.6. Chuma cha kaboni kinanoleka upesi, na mgongo wake ukiachwa na kona kali unatoa cheche nzuri kwenye jiwe gumu la gumegume. Lakini kata kachumbari nacho: ndimu na nyanya zinakigeuza rangi kabla hujaweka chumvi, kwanza buluu, kisha kijivu, na usipokifuta kinaacha ladha ya chuma kwenye kitunguu. Rangi ya kijivu yenyewe si ugonjwa. Kutu nyekundu ndiyo inayokula makali, na ukienda Watamu au Lamu na kisu cha kaboni, hewa ya chumvi itakionyesha usiku mmoja tu. Ushauri wangu kwa mtu wa kawaida wa Nairobi, anayekwenda Longonot mwezi huu na Pwani mwezi ujao, ni stenlesi. Chuma cha kaboni ni cha mwenye kufurahia kukitunza, na mimi ni mmoja wao.

Kwa sababu hiyo sina budi kuzungumzia Kamukunji. Kabla hujaagiza kisu kutoka ng'ambo, tenga asubuhi moja ushuke kwa mafundi wa jua kali, upite wanaogonga mabati ya masanduku na majiko, uwafikie wanaofua chuma. Malighafi yao kubwa ni springi za lori kuukuu. Chuma hicho kwa kawaida kina kaboni ya karibu asilimia 0.6, kigumu, kisichovunjika ovyo, na mhunzi anayekijua anaweza kukutolea kisu cha kurithiwa. Ila kuna jambo ambalo mnunuzi lazima alijue. Springi imetengenezwa iweze kupinda na kurudi, kwa hiyo ugumu wake kwenye kipimo cha Rockwell uko kati ya 40 na 50. Kisu kinataka 56 hadi 60. Bapa lililokatwa tu kutoka kwenye springi na kunolewa kwa grenda lina makali laini: litakata vizuri siku ya kwanza, na baada ya vigingi viwili utaona makali yamelala upande. Panga la namna hiyo halina shida. Kisu kinataka kutiwa moto upya.

"Fundi, hiki umekitia moto tena, ama umekikata tu?" niliuliza mara moja, nikiwa nimeshika kisu kilichonipendeza sana.

"Hicho ni cha kukata tu, ndiyo unaona bei hiyo. Ukitaka cha kutiwa moto, uje kesho jioni."

"Utakichovya kwa maji?"

Akanitazama kwa makini zaidi, kisha akavuta debe kuukuu kutoka chini ya benchi. "Oili. Maji yatakipasua."

Hapo nilijua nimempata mtu wangu. Kesho yake nilikuwepo alipokitia. Alikuwa na sumaku iliyotolewa kwenye spika ya redio, ameifunga kwenye waya. Kisu kilipokuwa chekundu alikigusa nayo, ilinata. Akarudisha motoni, akapuliza, rangi ikapanda kuelekea chungwa, akagusa tena, na safari hii sumaku ikateleza. Chuma hupoteza mvuto wa sumaku kwenye nyuzi joto 770 hivi za Selsiasi, nacho kinatakiwa kipite kidogo juu ya hapo ndipo kichovywe. Alikiacha kwa pumzi chache zaidi, akakizamisha ncha mbele, moto ukalipuka juu ya debe na kuzimika. Kisha akapitisha tupa kwenye makali. Tupa iliteleza kwa mlio wa kioo, haikung'ata. Kwa wakati huo kisu ni kigumu mno, ukikiangusha sakafuni kinaweza kuvunjika, kwa hiyo alikisugua hadi king'ae na kukipasha tena taratibu, mgongo ukiwa upande wa makaa, mpaka rangi ya nyasi kavu ikatembea na kufika kwenye makali. Hiyo ni nyuzi 200 na kidogo. Angeiacha ikafika buluu, karibu nyuzi 300, tungekuwa tumerudi kwenye springi.

Rangi hiyo ya buluu ndiyo ninayokuomba uitafute kwenye kisu chochote kabla hujalipa, cha Kamukunji au cha dukani. Grenda ikikazwa bila maji, makali membamba yanapata joto haraka kuliko sehemu nyingine yoyote. Ukiona kivuli cha buluu au zambarau karibu na makali au kwenye ncha, pale ulaini umeingia, na hakuna kunoa kutakakoutoa isipokuwa kukisaga hadi kipite sehemu hiyo. Na ukiweza, beba tupa ndogo mfukoni. Fundi mzuri hachukizwi na mteja mwenye tupa.

Mpini watu hawaupi muda wa kutosha. Shika kisu, fumba ngumi, uone kama vidole vinagusa kiganja kidogo tu: vikikizamia mpini ni mwembamba, visipogusa ni mnene. Kisha chonga kijiti kwa dakika kumi. Si kukishika na kusema kinakaa vizuri, chonga. Mipini yenye mashimo ya vidole huonekana mizuri dukani, lakini imekupangia mshiko mmoja, nawe kambini utashika kwa namna nyingi, na zile kona zinazotenganisha vidole ndizo huleta malengelenge. Mpini wa duara la yai, usio na kona, unakubali kila mshiko. Kwa mbao, mzeituni mwitu ndio chaguo langu. Ni mgumu, mzito, na ukipakwa mafuta unatoa mistari ya kupendeza. Kuhusu chuma kinachoingia ndani ya mpini, kikifika mpaka mwisho ni imara zaidi, lakini kwenye ile Companion niliyoitaja hakifiki mwisho na watu wanaitumia miaka nenda miaka rudi. Ukishaliachia panga kazi ya kupasua, hilo halina uzito mkubwa.

Ala iwe ya kuaminika. Ingiza kisu, kigeuze kichwa chini, ukitikise juu ya kitanda. Kikidondoka, usikinunue mpaka fundi aibane. Ala nzuri za ngozi unaweza kushonewa Kariokor ukienda na kisu chenyewe. Mwambie aweke ukanda wa ngozi wa ziada upande wa makali, ili makali yasile uzi. Tazama ala nyekundu za simi za Wamasai uone jinsi zinavyobana.

Namna ya kukibeba ni suala la usalama wako mwenyewe. Kutoka nyumbani hadi kambini kisu kikae ndani ya ala, ndani ya mkoba, chini ya nguo. Kifungu cha 308 cha Kanuni ya Adhabu ya Kenya kinamhusu mtu aliyekutwa na silaha hatari katika mazingira yanayoonyesha nia ya uhalifu mkubwa, na kifungo chake huanzia miaka 7. Mwenye hema, sufuria na viazi kwenye mkoba mmoja na kisu ana maelezo yanayoonekana. Mwenye kisu kiunoni saa mbili usiku kwenye steji ya matatu hana. Usikipeleke kwenye majengo yenye ukaguzi, na ukisafiri kwa treni ya SGR usikitie kwenye mzigo, maana mikoba hupita kwenye mashine. Kwa ndege kiende kwenye mizigo inayowekwa tumboni mwa ndege. Na ndani ya hifadhi na misitu ya serikali, usikiguse mti ulio hai. Nunua kuni kabla, au ulizia getini.

Kunoa hakuhitaji vifaa vya gharama. Kinoo chenye upande wa namba 400 na wa namba 1000 kinatosha. Ukikosa, gundisha msasa wa namba hizo kwenye ubao ulionyooka. Ukiwa porini, geuza kikombe cha udongo, ule mduara wa chini usio na rangi ya kung'aa utakuokoa. Noa upande mmoja hadi uhisi kwa kidole kijinyuzi cha chuma kimejikunja upande wa pili, kutoka kwenye mpini hadi kwenye ncha bila kuruka mahali, ndipo ugeuze. Malizia kwa kukiburuta kinyumenyume kwenye mshipi wa ngozi mara kadhaa kila upande. Ukishazoea, ni kazi ya dakika tano mara moja kwa safari.

Ukirudi nyumbani, kioshe, kikaushe mpaka kwenye kiungo cha mpini na bapa, ukipake tone la mafuta ya kupikia ikiwa ni cha kaboni. Ala ya ngozi ianikwe kivulini. Na kisu kikae kabatini nje ya ala hadi safari nyingine, kwa sababu ngozi hunyonya unyevu na kuulaza juu ya chuma.